Tufungashe nini kwa wiki moja kwenye nyumba ya mbao mlimani, msimu wa joto?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Tumepangisha nyumba ndogo ya mbao iliyo mlimani, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, nasi tutakaa humo wiki nzima msimu huu wa joto. Tutakuwa watu watano: mimi na mume wangu, mama mkwe mwenye umri wa miaka 70, na watoto wawili wa miaka 6 na 9. Gari litaishia kwenye maegesho, na kutoka hapo tutapanda kwa miguu karibu nusu saa tukiwa na mizigo yetu mgongoni. Mume wangu anaona kwamba, kwa kuwa ni msimu wa joto, nguo nyepesi zinatosha na makoti yatatuchosha bure njiani. Mimi nina wasiwasi, hasa kwa ajili ya mama na watoto. Naomba mnisaidie kujua kipi ni cha lazima na kipi kinaweza kubaki nyumbani.

Jibu la kwanza

Dada, wasiwasi wako una msingi. Msimu wa joto unaouona huku chini sio utakaoukuta juu, kwa sababu hali ya joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwenye mita 2,400 maana yake ni nyuzi 15 au 16 pungufu ya usawa wa bahari, na hapo bado hatujahesabu usiku, ambapo hewa nyepesi na mbingu isiyo na mawingu huacha joto la mchana lipotee upesi mara jua linapozama. Kwa hiyo fungasha kwa kuufikiria usiku, si mchana.

Hata hivyo mumeo naye hajakosea kuhusu uzito. Badala ya koti moja zito, kila mtu awe na nguo za kuvaliwa moja juu ya nyingine: fulana ya ndani inayokauka haraka, sweta la sufu au la manyoya bandia, na juu yake koti jepesi lisilopitisha maji wala upepo. Fulana za pamba ni nzuri za kulalia, lakini si za kupandia mlima, kwani pamba hunywa jasho na mvua, hukawia kukauka, na ikiwa imelowa humpokonya mtu joto la mwili. Suruali za jinzi ziacheni kabisa, maana ni nzito na zikilowa asubuhi zinaweza kuwa bado zimelowa kesho yake. Kofia ya sufu na soksi nene za kulalia kwa kila mmoja hazina uzito wa kulalamikiwa, na mama atawashukuru.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau kwa sababu ya ubaridi wa hewa ni jua lenyewe. Miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, kwa hiyo mtoto anaweza kuungua huku hajisikii joto hata kidogo. Bebeni kofia zenye ukingo mpana, miwani ya jua na losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha 30 au zaidi.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila naongeza kwamba kabla ya kufungasha hata soksi moja, mpigie simu mwenye nyumba. Muulize kama kuna mablanketi na vyombo, maji yanatoka wapi, umeme upo au haupo, na jiko ni la aina gani. Majibu hayo yanaweza kuwapunguzia nusu ya mzigo.

Kuna onyo moja ambalo sitaki lipite kimyakimya. Usiku ukiwa baridi, mtu hushawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani au kuacha jiko la gesi likiwaka ili wapate joto. Msifanye hivyo kamwe. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Kama kuna jiko la kuni lenye bomba la moshi, bebeni kifaa cha betri kinacholia gesi hiyo inapozidi. Ni kidogo, nacho kinafaa kuliko vitu vingi tunavyovibeba kwa mazoea.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nimempigia mwenye nyumba: mablanketi, vyombo na jiko la kuni lenye bomba vipo, umeme haupo, na maji ni ya kijito kilicho karibu. Mama anatumia dawa za shinikizo la damu. Je, kuhusu maji, chakula na afya yake tujiandae vipi?

Jibu la tatu

Maji ya kijito, hata yakiwa maangavu namna gani, yachemsheni. Kwa mwinuko huo maji hutokota yakifikia nyuzi 92 hivi badala ya 100, ndiyo maana inashauriwa kuyaacha yatokote kwa dakika 3 nzima ukishapita mita 2,000. Sababu hiyo hiyo itawasumbua jikoni: maharage makavu yatakula kuni na subira yenu. Chagueni vyakula vinavyoiva upesi, au yapikeni maharage nyumbani kwa ajili ya siku ya kwanza.

Kwa mama, tafadhali muonane na daktari wake kabla ya safari. Dawa zake zizidi siku za safari, na azibebe mwenyewe kwenye mkoba wake. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana zaidi kuanzia mita 2,500, nanyi mko jirani na hapo, kwa hiyo siku ya kwanza pumzikeni na mnywe maji ya kutosha; mtu akiumwa kichwa huku anatapika na hali haitulii, mteremsheni bila kungoja kesho. Kwa giza, tochi ya kichwani kwa kila mtu pamoja na betri za akiba. Watoto wavishwe filimbi shingoni, wafundishwe kupuliza mara sita kwa dakika wakipotea, na matembezi yafanyike asubuhi, kwani radi za milimani hupenda kuja alasiri.

Mwisho, makoti ya mvua yawekwe juu kabisa ya kila begi, na nguo nyingine zitangulie kuingizwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi, kwa maana mvua inaweza kuwakuta katika nusu saa ile ile ya kupanda.