Kiwanda cha rangi ng'ambo ya reli kinageuzwa maghorofa, nisaini karatasi ya kupinga ama niache?

Nuru_Namuwongo:
Asalaam aleikum wandugu, naombeni ushauri, na wenye kujua mambo ya ardhi Kampala tafadhali msipite kimya. Mimi niko Namuwongo, nyumba ni ya marehemu baba, kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi yenye mwenyewe, alinunua hata sijazaliwa, na nyuma tuna mizigo sita, vile vyumba vya mtu mmoja mmoja, tunapangisha. Ng'ambo ya reli, upande wa Industrial Area, kuna kiwanda cha zamani cha rangi, kimefungwa miaka mingi, limebaki godauni na mabati ya kutu. Sasa mwekezaji anataka kubomoa yote aweke majengo matano ya ghorofa 12, flati za kuuza.

Wenye nyumba wenzangu wameunda kamati wanapita mlango kwa mlango na karatasi ya kusaini. Imeandikwa hatutaki ghorofa hata moja, ati litaleta msongamano na watu wasiojulikana. Juzi wamekuja kwangu nikawa naisoma kwa sauti pale uani, mpangaji wangu mmoja alikuwa anafua, akanyanyua kichwa akaniuliza, "Mama Nuru, na sisi ndio hao watu wasiojulikana?" Anaishi kwangu mwaka wa tisa. Sikuwa na jibu, nikawaambia wale wa kamati warudi baadaye.

Halafu kijana wangu anapanga Bweyogerere, anafanya kazi hapa mjini, taksi kwenda na kurudi inamla saa tatu kila siku, ananiambia mama mnapinga nyumba na mimi sina pa kukaa. Lakini mvua ikinyesha hapa kwetu maji ya mfereji wa Nakivubo yanatuingilia mpaka kitandani, sasa flati mia kadhaa zikiongezwa itakuwaje? Mkutano ni Jumamosi. Nisaini ama niache?

Zai_wa_Kisenyi:
Saini dada yangu usifikirie mara mbili. Umesahau Naguru na Nakawa? Wale watu walikuwa wanakaa zile nyumba za enzi za mkoloni, wakaambiwa ondokeni tunajenga mji wa kisasa na nyinyi mtapewa nafasi ya kwanza. Wakabomolewa Julai 2011, jiwe la msingi likaja kuwekwa 2013, na ilipofika 2021 bunge bado linaunda kamati ya kuchunguza ardhi ile imegawiwa nani. Shangazi yangu alikuwa Nakawa, alitolewa na magodoro chini ya mvua, mpaka amekufa hajaona hata tofali. Ahadi ya mdomo siitaki tena maishani.

Fundi_Walukuba:
Pole kwa shangazi dada Zai, ila tutofautishe kidogo. Kule walitolewa watu waliokuwa wanaishi ndani, hapa kiwanda ni kitupu hakuna anayelala mle. Mama Nuru swali la kwanza mimi ningeuliza ni hili: huyo mwekezaji ameshabadilisha matumizi ya ardhi? Ile ni ardhi ya viwanda, huwezi kuamka asubuhi ukaanza kujenga nyumba za watu. Kuna Sheria ya Mipango Miji ya 2010, lazima apeleke maombi KCCA, mamlaka ya jiji, kwenye kamati yao ya mipango na ninyi majirani mna haki ya kupeleka pingamizi kwa maandishi. Na mtu aende ofisi ya ardhi afanye sachi, yaani akague rekodi za hati, mkiona ni lizi, ardhi ya kukodi kwa miaka, angalieni imeandikwa itumike kwa kitu gani na imebaki miaka mingapi. Karatasi ya "hatutaki" tupu bila hoja wanaiweka pembeni, nimekaa vikao hivyo Jinja naongea nilichoona.

BinJuma_maji:
Mimi kazi yangu ni mabomba kwa hiyo niongelee hilo tu. Mtambo wa maji taka wa Bugolobi uko hapo chini kwenu, waulizeni wataunganisha bomba la mji ama watachimba septiki. Wakichimba septiki kwenye udongo ule wa kinamasi ikijaa inamwaga Nakivubo, na Nakivubo inashuka ziwani ghuba ya Murchison, hapohapo karibu na Ggaba wanapovuta maji mengi tunayokunywa Kampala. Na taka ngumu je? Kiteezi iliporomoka Agosti 2024 ikazika watu, familia mia nne zitatupa wapi? Halafu kiwanda cha RANGI jamani, rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ule udongo upimwe kabla tingatinga halijagusa maana vumbi litavuka reli lije kwa watoto wenu. Ripoti ya athari kwa mazingira inatakiwa kisheria, Sheria ya Mazingira ya 2019, nendeni NEMA, mamlaka ya mazingira, mkaombe kuisoma.

Mpangaji_Kanyogoga:
Samahani naongea kama mpangaji. Sisi wa huku kando ya reli tulibomolewa 2014, hakuna mwenye nyumba hata mmoja aliyepita na karatasi kwa ajili yetu. Hizo flati hatutanunua tunajua. Ila hata zisipojengwa kodi yangu inapanda kila mwaka. Ninachoogopa ni kwamba zikija, wenye mizigo nao watabomoa wajenge za bei kubwa. Mama Nuru na wewe utabomoa?

Nuru_Namuwongo:
@Mpangaji umeniuliza vizuri na sitakuficha, wamekuja mawakala mara mbili kuuliza bei ya kibanja. Sijauza. Ila ndugu zangu wa baba mmoja wanataka.

Fundi_Walukuba:
Hapo sasa ndio pa kuangalia mama. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1998 mwenye kibanja halali hafukuzwi hivihivi, marekebisho ya 2010 yanasema ni kwa amri ya mahakama tu na sababu iwe hujalipa busuulu, ile kodi ya mwaka ya mwenye ardhi. Lipa, tunza risiti, makaratasi ya baba weka pamoja. Na usisaini kitu cha wakala.

Zai_wa_Kisenyi:
Mimi bado nasema wapinge. Lakini kama mnaandika masharti basi yaandikwe, yapigwe muhuri, siyo ya mdomo.

Nuru_Namuwongo:
Nimewasoma wote mpaka usiku, mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, nimeshamwona. Ile karatasi ya kamati sisaini. Jana nimekaa uani na wapangaji wangu wote sita tumeandika yetu kwa mkono: udongo upimwe kwanza, bomba la maji taka liunganishwe Bugolobi, mtaro upanuliwe kabla ya msingi, ghorofa zipungue upande wa reli, na wapangaji wawe na viti viwili kwenye kamati. Hilo la mwisho ndilo litaleta vita Jumamosi najua, na ndilo sitaliondoa. @Fundi naomba uipitie kabla sijaipeleka KCCA.

Fundi_Walukuba:
Piga picha uitume mama, ila funika majina na namba za simu za watu. Na tengeneza nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani.