Mnatutajia asilimia, mnaficha riba inalimbikizwa mara ngapi!

Wakuu, leo nina hasira na sitaki kupozwa.

Nimekopa milioni 1. Mkataba unasema "riba asilimia 24 kwa mwaka", deni lote linalipwa mwaka ukiisha. Mtu yeyote anasoma hapo 1,240,000. Ninachodaiwa ni 1,268,242. Nauliza hiyo 28,242 ya juu imetoka wapi, najibiwa "mfumo ndio umekokotoa". Mfumo! Kwani mfumo ulijiweka wenyewe?

Walichofanya ni kugawa 24 kwa 12, ikawa asilimia 2 kila mwezi. Mwezi ukiisha riba inaingizwa kwenye deni, na mwezi unaofuata nayo inatozwa riba. 1.02 kwa kipeo cha 12 ni 1.2682, yaani riba halisi ya mwaka ni asilimia 26.82. Sasa kwa nini isiandikwe hiyo? Deni kama hilo likilala miaka 5, kwa kulimbikiza mara moja kwa mwaka linafika 2,931,625. Kwa kila mwezi, 3,281,031. Asilimia ni ile ile 24, tofauti karibu 350,000.

Na kabla hamjaja na "ungesoma vigezo na masharti": nimesoma. Kuna kifungu kinasema riba italimbikizwa "kwa vipindi atakavyoamua mkopeshaji". Hicho ni kifungu au mtego?

Wanaotaja riba kwa mwezi ndio wabaya zaidi. "Asilimia 10 tu kwa mwezi." Watu wanazidisha kwa 12 wanapata 120, wanashtuka kidogo, wanasaini. Usipolipa kitu na riba ikawa inaingia kwenye deni kila mwezi, mwaka unaisha umeongezewa asilimia 213.8. (Ukilipa riba yote kila mwezi inapoiva, haizai. Lakini anayekopa kwa bei hiyo ana hela ya kulipa kila mwezi?)

Geuza upande wa akiba sasa, uone walivyo wajanja. Huko mara za kulimbikiza zinatangazwa kwa maandishi makubwa: "Riba yako inakua KILA SIKU!" Haya, milioni 1 kwa asilimia 6: kila mwezi unapata 61,678, kila siku 61,831. Kelele zote hizo kwa 153 kwa mwaka mzima. Anayetoa asilimia 6.2 kimya kimya, mara moja tu kwa mwaka, anakupa 62,000.

Wala si siri mpya. Mwanahisabati Jacob Bernoulli wa Uswisi alilichambua hili mwaka 1683: 1 kwa riba ya asilimia 100 inakuwa 2 ukilimbikiza mara moja kwa mwaka, 2.613 kila mwezi, 2.7146 kila siku, na hata ukilimbikiza kila nukta haivuki 2.7183. Kutoka mwaka kwenda mwezi ndiko kwenye pesa. Kutoka mwezi kwenda siku ni makombo. Wao wanalijua hili vizuri, ndiyo maana wananyamaza penye pesa na kupiga tarumbeta penye makombo.

Kama kuna mwenye mkataba wa mkopo ulioandika wazi riba halisi ya mwaka na mara za kulimbikiza, auweke hapa, afute majina. Nataka nione kama upo hata mmoja.