Nahodha aliyekufa mbele ya macho yetu amerudishwa mezani. Hii kampeni ya Mordheim imeharibiwa makusudi

Wakuu,

Nimekaa na hili jambo wiki tatu nikidhani litanitoka rohoni. Halijatoka. Nalileta hapa kwa sababu najua humu kuna wenzangu mnaocheza vita vya mezani huko mliko, na hamtaniambia "si vijisanamu tu hivyo".

Kwa asiyeujua mchezo wa Mordheim, unaochezwa mezani kwa vijisanamu na dadu, kampeni ninayoisema si ya kura. Ni mfululizo wa mapambano ambamo genge lako ni lilelile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Unaanza na krauni 500 za dhahabu, unaajiri nahodha, mashujaa wachache na wapambe, unawapaka rangi kwa mkono wako, unaandika jina la kila shujaa kwenye karatasi. Wanaingia kwenye magofu ya jiji lililopigwa na kimondo kutafuta vipande vya wyrdstone, jiwe la thamani. Shujaa akianguka, mechi ikiisha unarusha dadu mbili, moja ya makumi na moja ya mamoja, halafu unasoma jedwali la majeraha. Ukipata 11 hadi 15, amekufa. Unamfuta kwenye karatasi, na silaha zote alizobeba zinakwenda naye.

Mordheim ilitoka 1999, na kampuni ya Games Workshop waliacha kuitengeneza zamani sana. Watu bado wanaicheza, na mimi naamini wanaicheza kwa sababu ya jedwali hilo kuliko kitu kingine chochote. Mechi ya siku moja unaipata kwenye mchezo wowote. Hapa unachobeba kutoka wiki hadi wiki ni makovu.

Nina kijana mmoja kwenye genge langu. Jioni ya pili ya kampeni alianguka kwenye ngazi za kanisa bovu, nikarusha 31: amepofuka jicho moja. Uwezo wake wa kulenga umepungua kwa 1 na hautarudi. Nilirudi nyumbani nikachukua brashi nikampaka kitambaa cheusi jichoni. Nikamwita Chongo. Wazungu wa klabuni wote wanalijua hilo neno sasa, wanalitamka vizuri kabisa, na kila akipiga mshale ukampata mtu meza nzima inashangilia. Ningeweza kusema "jamani, turushe tena, nimemnunua juzi tu". Haikunijia hata akilini.

Mwenzetu mwingine alipoteza nahodha wake mapema kuliko wote. Aliinama, akakitoa kijisanamu mezani, akafungua kanuni: shujaa aliyebaki mwenye uongozi mkubwa kuliko wenzake ndiye anayeshika genge. Basi mtu aliyekuwa nyuma siku zote akawa mkubwa. Tulifuatilia genge lile kuliko magenge yetu wenyewe. Kanuni zilishafikiria msiba huo na zikaweka njia ya kuendelea.

Sasa njooni kwenye wiki ya sita. Jamaa mmoja, aliyekuwa anaongoza, alikutana na genge la Skaven, wale watu-panya. Robo ya watu wake walikuwa wameshaanguka. Kanuni zinamruhusu afike hapo akimbie kwa hiari yake, aokoe waliobaki. Hakutaka, kwa sababu kulikuwa na vipande viwili vya jiwe karibu na kisima. Nahodha akaanguka pale pale. Dadu zikasema 13. Tulikuwa watu watano tumesimama kuzunguka meza, sote tumeziona.

Wiki mbili baadaye nafika, nahodha yupo mezani. Upanga wake uleule, alama za uzoefu zilezile, hana hata jeraha la mguu. Nauliza, naambiwa mwamuzi, yule anayetusimamia kampeni, na jamaa walizungumza pembeni. Alitishia kuondoka, na kijisanamu kile alikipaka kwa miezi. Ndivyo. Hatukuulizwa. Tulipolalamika kwenye kundi la WhatsApp, mwamuzi akajibu kwamba hii ni kampeni ya simulizi, si mashindano, na kwenye simulizi lolote linawezekana.

Hapo ndipo damu iliponichemka, na bado inachemka.

Anayesema hivyo hajawahi kukaa na bibi yake usiku wa hadithi. Muulize bibi kwa nini sungura safari hii hakuponyoka, uone kama atakubadilishia mwisho kwa sababu umenuna! Hadithi inatushika kwa sababu lililotokea limetokea. Nahodha akirudi bila sababu, basi hata ile jioni ya kisima haikutokea. Mwenye Skaven aliyepigana nusu saa kumwangusha, amepigana na nini? Mashindano ndiyo yangevumilia kufufua mtu, maana kule kinachobaki ni pointi. Sisi tulikuwa hatuhesabu pointi.

Mtu mmoja kwenye kundi alileta hoja kwamba mwamuzi ana mamlaka tangu enzi za Waprusi na Kriegsspiel, mchezo wao wa vita wa mezani wa 1824. Ni kweli mwamuzi yupo tangu huko, na kazi yake ilikuwa kusoma dadu na kuziambia pande mbili kilichotokea. Walimsikiliza kwa sababu hakuwa wa upande wowote. Huyu wetu amesikiliza mlalamikaji mmoja tu, tena rafiki yake.

Na msiseme mimi ni mkatili. Kama kundi zima linataka mchezo usioua, ipo michezo ya hivyo na ni mizuri. Crusade, mtindo wa kampeni wa mchezo wa Warhammer 40,000, ilivyokuja na toleo la 2020 haikuua vikosi vyako: kikosi kilichoteketezwa kilirusha dadu moja, kikipata 1 kiliweza kubaki na kovu la vita, kisha kiliendelea. Nimeicheza, nimeipenda. Hata Mordheim tungeweza kukubaliana kabla ya mechi ya kwanza kwamba nahodha hafi, anazimia tu. Ningetia saini. Lakini tulikubaliana jedwali lote kama lilivyoandikwa, tukaanza watu wanane.

Wiki iliyofuata yule aliyepoteza nahodha mapema aliuliza kwa upole kabisa, "Na wangu je?" Mwamuzi akasema imeshapita muda mrefu. Hajarudi tena. Mwenye Skaven naye hajarudi. Wengine wawili wanajibu ujumbe kwa kidole gumba tu. Juzi tulikuwa watatu ukumbini, na mmoja wao ni mwenye yule nahodha aliyefufuliwa.

Nilichomwomba mwamuzi, na nakiandika hapa ili kieleweke: nahodha atolewe mezani, genge lishikwe na shujaa anayefuata kama kanuni zinavyosema, na mabadiliko yoyote yapigiwe kura na wote mbele ya wote. Sitaki jamaa afukuzwe. Nataka aendelee kucheza, na nina hakika genge lake lingekuwa na hadithi nzuri zaidi likimlipizia kisasi mkubwa wao kuliko hivi.

Mliowahi kusimamia kampeni, niambieni mlifanya nini mtu alipotishia kuondoka. Alhamisi naenda na karatasi yangu na Chongo wangu. Nikimkuta nahodha yule amepangwa mezani, sifungui sanduku.