Epic ya Marekani ilianzaje, na ina lipi la kumfundisha anayeandikia zahanati za huku?

KijanaWaHombolo:
Mbukwenyi wana Dodoma, na wakuu wengine wote. Niko mwaka wa mwisho UDOM, pale CIVE, chuo chake cha kompyuta. Mimi na wenzangu tunaandika mfumo wa zahanati. Tumeanza na dirisha la malipo, maana kila mganga mfawidhi tuliyeongea naye alituuliza mapato kwanza. Mwalimu wetu ametuambia tusimame kidogo, tusome historia ya Epic, ile kampuni ya Wisconsin inayotengeneza mifumo ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa hospitalini. Nikitafuta naona habari za majengo yao na utajiri wa mwenye kampuni tu. Walianzaje hasa? Na mle ndani kuna cha kumsaidia mtu anayelenga Bahi na Chamwino?

Fundi_AreaD:
Dogo, jibu ni pesa. Mwaka 2009 serikali ya Obama ilipitisha sheria, ikatoa mabilioni ya dola ili madaktari na hospitali waache makaratasi waingie kwenye kompyuta. Epic ikapanda hapo. Huku nani atatoa hizo?

Mzee wa Masijala:
Fundi, hiyo sheria ya HITECH ni kweli, ila ilipokuja Epic ilikuwa na umri wa miaka 30. Tukianza kuhesabu 2009, kijana atakosa sehemu yenye faida kwake.

Mimi nimefanya kazi chumba cha majalada tangu enzi za mashelfu, kabla kompyuta haijafika mapokezi. Habari hii naipenda kwa sababu inahusu faili la mgonjwa, na faili ndilo nililolishika maisha yangu yote.

Judith Faulkner alisoma hisabati, kisha kompyuta pale Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Madaktari wa pale wakamwomba awatengenezee mahali pa kuwekea taarifa za wagonjwa ambapo hazitafutwa kila zikibadilika, ili mtu aone mgonjwa alikuwaje mwaka juzi na yukoje leo. Akaandika kanzidata iliyokuja kuitwa Chronicles. Mwaka 1979 akafungua kampuni pamoja na daktari wa magonjwa ya akili, John Greist, katika chumba cha chini ya jengo. Iliitwa Human Services Computing. Jina la Epic lilikuja miaka michache baadaye. Mtaji wao unatajwa kuwa kama dola 70,000, na haukutoka kwa matajiri wawekezaji.

Sasa angalia, kijana. Kitu cha kwanza kilikuwa kumbukumbu ya mtu mmoja, inayorefuka kadiri anavyoishi. Ratiba za kliniki, malipo, skrini ya daktari (hiyo ilitoka 1992), vyote vilikuja kupachikwa juu ya kumbukumbu hiyo. Ninyi mmeanza na risiti. Risiti inamjua mgonjwa kwa dakika anazosimama dirishani, basi. Akirudi mwezi ujao, kwenye mfumo wenu ni mteja mwingine mwenye jina linalofanana. Hospitali moja ya huku niliyoifahamu ilinunua mfumo wa namna hiyo. Daktari akiuliza "huyu mama presha yake ilikuwa ngapi mara ya mwisho?" mfumo unamjibu alilipa shilingi ngapi. Jambo hilo liliniumiza sana, kwa sababu mashelfu yetu ya zamani, pamoja na vumbi lake, yaliweza kumjibu.

Lugha ya kompyuta waliyoandikia mfumo huo, MUMPS, ina asili ya hospitali. Ilizaliwa 1966 hivi pale Massachusetts General Hospital, Boston, katika maabara ya Dk. Octo Barnett. Neil Pappalardo alikuwa mmoja wa walioiandika, na 1969 akatoka na wenzake kuanzisha Meditech, kampuni nyingine ya mifumo ya hospitali. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na nafasi ndogo mno. Mgonjwa mmoja ana kipimo kimoja cha malaria, mwenzake ana kisukari cha miaka kumi. Ukiwapangia jedwali lenye safu zilezile, zaidi ya nusu itabaki tupu na bado inakula nafasi. MUMPS inahifadhi kama matawi, palipo na taarifa panaota tawi, pasipo na kitu hapachukui nafasi. Nyinyi leo mna MySQL, kanzidata ya majedwali, na diski kubwa, hamlazimiki kuitumia, lakini swali lao lilikuwa sahihi: taarifa za mgonjwa zina umbo gani?

Linganisha na Cerner ya Kansas City, mshindani wa Epic. Nayo ni ya 1979, walianzia maabara, wakaingia soko la hisa 1986, na 2022 kampuni ya kompyuta ya Oracle ikainunua kwa takribani dola bilioni 28. Faulkner alikataa soko la hisa na hakukuza kampuni kwa kununua nyingine. Kwa miaka mingi Epic ilikuwa ndogo. Mteja aliyeibadilisha kabisa ni Kaiser Permanente, mtandao mkubwa wa hospitali na bima ya afya kule Marekani, mwaka 2003.

Nesi_Kongwa:
Shikamoo mzee. Nimekusoma, nina langu moja. Mnasifu mfumo unaokumbuka kila kitu, na kila kitu hicho kuna mtu anayekiingiza. Kituoni kwetu asubuhi ya kliniki ya watoto kina mama wamejaa hadi nje. Napima uzito, naandika kwenye kadi ya mtoto, naandika kwenye rejista, halafu nahamia kompyuta kuandika yaleyale. Umeme ukikatika naandika tena jioni. Kijana, kabla hujaongeza kisanduku cha kujaza, njoo usimame nyuma yangu asubuhi moja.

Mzee wa Masijala:
Marahaba binti. Umesema kweli tupu, na Epic yenyewe imelaumiwa kwa hilo. Madaktari wa Marekani wanalalamika wanabofya hadi usiku. Cambridge, Uingereza, walipata taabu kubwa walipoiwasha 2014. Copenhagen, Denmark, iliwashwa 2016 na madaktari walipinga kwa miaka. Norway, Trondheim, 2022, ilikuwa hivyohivyo. Kanuni za ulipaji za Marekani zimo ndani kabisa ya mfumo ule, na ukiupeleka nchi nyingine unabeba na hizo kanuni. Kwa hiyo kijana asiige skrini zao. Achukue ile hatua ya mwanzo tu: faili kabla ya risiti.

Tena kuna mfano wa karibu zaidi, kuvuka mpaka tu. Kule Mosoriot, karibu na Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na Indiana walikuwa na mfumo mdogo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotengenezwa kwa Access, kanzidata ya Microsoft, mwaka 2001. Wagonjwa wa VVU walipoongezeka haukutosha. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Indiana wakaanza mfumo mpya, OpenMRS, na Hamish Fraser wa shirika la afya la Partners In Health akaungana nao. Ni programu huria, msimbo wake unausoma bure leo hii. Na kliniki zetu za CTC, zile za matunzo na tiba ya VVU, zilifuata njia hiyohiyo ya kadi kwanza: mgonjwa ana namba yake, kila hudhurio linaongezwa kwenye kumbukumbu yake, ndiyo maana mhudumu anaweza kumjua aliyeacha dawa akamfuata nyumbani.

KijanaWaHombolo:
Nimewaelewa, na dada wa Kongwa nitakuja kweli, nitakutumia ujumbe. Mzee, swali la mwisho. Tukianza na faili, tunamtambuaje mgonjwa? Mtoto hana NIDA. Simu ni ya baba, kesho ina laini nyingine. Na majina huku, ukisema Mazengo au Chilongola wanageuka kumi.

Mzee wa Masijala:
Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Mpe kila mtu namba ya kituo isiyobadilika, hata akipata NIDA baadaye hiyo iongezwe pembeni tu. Usiruhusu kufungua faili jipya kabla mfumo haujalazimisha kutafuta la zamani. Tafuta kwa majina matatu, jina la mama, kijiji na kitongoji, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukadiria, na ukubali tahajia zinazokaribiana, maana Chilongola mwingine ataandikwa Cilongola. Weka pia njia ya kuunganisha mafaili mawili ya mtu mmoja, na njia ya kuyatenganisha mkikosea. Aliyeunganisha jina lake libaki kwenye mfumo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 uisome mapema, keshia hahitaji kuona majibu ya maabara ya mtu.

Ukienda Kongwa, muulize nesi anamtafutaje mtoto ambaye mama kaja bila kadi. Andika maswali anayomuuliza mama, kwa mpangilio uleule anaouliza.