Zaka kwa daftari la kweli, kodi kwa daftari la uongo: Mkristo aseme nini?

Wapendwa, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya, kwa sababu limenikalia moyoni kwa muda mrefu.

Kazi yangu ni kutunza hesabu. Niliwahi kumfanyia kazi ndugu mmoja, mtu wa sala na mwenye kuheshimika kanisani, ambaye biashara yake ilikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa nene, limechakaa pembeni kwa kushikwashikwa, na mauzo yote yalikuwa humo. La pili lilikuwa jembamba na safi, la kumwonyesha afisa wa kodi. Kila mwisho wa mwezi alifungua lile nene, akakokotoa fungu la kumi mpaka senti ya mwisho, akalitia kwenye bahasha na kuilamba ifungike. Kisha ananisogezea lile jembamba nijaze ritani, ile fomu ya kodi. Nilipomwuliza, alinijibu bila kusita: "Mungu huwezi kumdanganya. Lakini hawa wanakula tu. Ninachookoa huku, nakipeleka kule kinakowalisha yatima."

Nilijaza ile ritani.

Hoja yake haipuuziki. Nani kati yetu hajaona kodi ikiliwa na wakubwa? Na ni kweli kwamba sadaka mara nyingi humfikia mjane kabla ya serikali kuamka. Lakini kila nikirudi kwenye Marko 7 nakwama. Pale Yesu anawakemea watu waliotangaza mali yao kuwa korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwajibike kuwatunza baba na mama. Neno lilikuwa takatifu, na madhabahu ilikuwa ya kweli. Bado aliwaambia wamelitangua neno la Mungu. Kumbe mtu anaweza kumtumia Mungu kama maficho ya deni.

Kuna wanaosema agizo la kulipa kodi ni la serikali njema tu. Hebu tuiangalie ile dinari ya Mathayo 22, sarafu ya Kirumi ambayo Yesu alionyeshwa akasema ya Kaisari apewe Kaisari. Kaisari Tiberio, ambaye kwa kawaida sarafu hiyo huhusishwa naye, alijiita juu ya dinari zake mwana wa Augusto aliye mungu. Kwa Myahudi hilo ni kufuru iliyo mkononi. Na serikali hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumsulubisha Bwana. Paulo naye alipowaandikia Warumi "mtu wa kodi, kodi; mtu wa ushuru, ushuru", aliyekuwa madarakani alikuwa Kaisari Nero. Si Yesu wala Paulo aliyesubiri watawala watakasike kwanza. Tertulliano, mwandishi Mkristo wa kale, akiwatetea Wakristo karibu mwaka 197, alikiri kwamba mahekalu ya miungu yalipoteza mapato kwa ajili yao, ila kodi nyingine walizilipa kwa uaminifu uleule uliowazuia kumwibia jirani. Aliweza kulitaja hilo mbele ya watesi wake bila hofu ya kuumbuliwa. Sisi tungeweza?

Simaanishi kila kodi ni ya haki. Mfalme Rehoboamu aliongeza uzito wa nira akapoteza makabila kumi, na Isaya anawapigia ole wanaotunga amri za kuwadhulumu maskini. Wapo Wakristo waliokataa kulipa kwa dhamiri: mwaka 1755 baadhi ya Marafiki, wale waitwao Quaker, huko Pennsylvania walikataa kodi iliyokuwa ya vita. Lakini walitangaza waziwazi, majina yao yakijulikana. Hawakutengeneza daftari jembamba. Kwangu tofauti kubwa iko hapo: anayekataa hadharani anabeba gharama mwenyewe, anayeficha anambebesha jirani anayelipa kwa uaminifu.

Mtu ninayempenda zaidi katika jambo hili ni Zakayo, yule mtoza ushuru. Angalieni alivyogawa. Nusu ya mali aliwapa maskini. Waliodhulumiwa aliwarudishia mara nne, na hiyo akaihesabu kando. Cha watu hakukiita sadaka. Ndugu yangu wa madaftari mawili angekuwa na haki ya kufurahia utoaji wake kama angelipa kwanza kilicho cha wote, halafu atoe katika kilichobaki kuwa chake. (Kama fungu la kumi lihesabiwe kabla ya kodi au baada, sioni sababu ya kugombana, 2 Wakorintho 9 inasema kila mtu kama alivyokusudia moyoni.)

Sasa naomba wachungaji na watunza hazina mnijibu. Makuhani wakuu, pamoja na ubaya wao wote, walikataa kutia fedha za Yuda, zile za kumsaliti Yesu, katika sanduku la sadaka. Je, mkijua bahasha imetoka wapi, mnaipokea? Mimi naona irudishwe kwa upole, mwenyewe akatengeneze kwanza. Na mwenzangu uliyewahi kushika kalamu ukijua namba ni ya uongo: ulifanya nini baadaye? Mimi niliacha ile kazi, ila ile ritani bado ina mwandiko wangu.