Hoja ya furu kwenye mdahalo wa uumbaji: ijibiwe vipi?

Kirumba_Mdahalo: Wakuu, mada ni "Uumbaji ni sayansi". Waungaji mkono wanakuja na furu, wale samaki wadogo wa ziwani: Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, na leo lina spishi za furu zaidi ya 500. Kama spishi hutokea upesi hivyo, mamilioni ya miaka ni ya nini? Tena furu ni furu tu, hajawa kenge. Mpinzani ajibu nini bila kugusa imani ya mtu?

Tope_la_Ziwa: Mbane kwenye hiyo 15,000. Imetoka kwenye tope la sakafu ya ziwa: bomba linadidimizwa, linatoka na tope tabaka kwa tabaka, na chini kabisa, hata vilindini, kuna udongo wa nchi kavu wenye vijizizi vya nyasi. Umri hupimwa kwa kaboni 14, kaboni yenye mionzi iliyomo kwenye mabaki ya viumbe, ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730. Anayesema dunia ina miaka 6,000 hawezi kuchukua tarehe hiyo huku akiikataa mbinu iliyoitoa.

Na upesi wenyewe una sababu. Utafiti wa jeni wa 2017 ulionyesha kuwa furu hawa ni mchanganyiko wa koo mbili, ya Kongo na ya Nile ya juu, zilizotengana zamani sana kabla ziwa halijajaa. Tofauti zilikuwepo, ziwa lilizipanga upya. Chukua furu wa jenasi iitwayo Pundamilia (P. kwa kifupi) wa Ghuba ya Mwanza. P. pundamilia wa bluu hukaa juu, P. nyererei mwekundu hukaa chini zaidi, ambako mwanga umeegemea wekundu, na jeni ya jicho inayopokea rangi hiyo inatofautiana. Basi maji yakiwa machafu rangi wanazochaguliana wenzi hazionekani, na spishi zinatarajiwa kuchanganyika. Ndivyo ilivyo kisiwa cha Luanso, kwenye maji machafu. Kisiwa cha Makobe, kwenye maji angavu, kila mmoja na mwenzake.

Hoja_Safi: Sawa mkuu, ila usiende na kauli ya "uumbaji haupimiki". Jaji William Overton aliitumia jimboni Arkansas, Marekani, mwaka 1982 alipotengua sheria ya kufundisha uumbaji sambamba na mageuko, na mwanafalsafa Larry Laudan akaipinga kauli hiyo: dunia changa na gharika ya dunia nzima vinapimika, vimepimwa, vimeanguka. Kisichopimika ni "aina", yaani yale makundi wanayodai yaliumbwa kila moja peke yake. Mtake aandike mapema: furu na sato ni aina moja au mbili? Sangara je? Kwa kipimo kipi? Bila hapo atasogeza mpaka kila ukimkaribia.

Chokaa: Watakuletea pia konokono hai aliyepimwa kwa kaboni 14 akaonekana wa maelfu ya miaka. Hutokea kweli. Konokono wa maji huchukua kaboni ya chokaa iliyoyeyuka, ambayo kaboni 14 yake ilishaisha, ndiyo maana hupendelewa mabaki ya mimea ya nchi kavu, iliyovuta kaboni hewani. Na kipimo hiki huishia miaka 50,000 hivi. Akirusha dinosaria, hao umri wao hutoka kwenye majivu ya volkano, kwa potasiamu na agoni au yurani.