Maji ya Mombasa: kiongozi apimwe kwa miaka 5 au 50?

Wa Tudor:
Jamani, na tulijadili hili kwa staha: tumpime kiongozi kwa muhula wake wa miaka 5, au kwa miaka 50 ijayo? Jana magharibi jirani yangu alikuwa akinunua maji ya mkokoteni, mitungi minne ya lita 20, mmoja umezibwa kwa kipande cha nailoni. Mfereji wa uani upo. Umefungwa kitambaa, mwezi wa pili huu haujatoa tone. Akaniambia, "Kura yangu ni ya atakayeniletea lori la maji." Simlaumu, ila sikubaliani naye.

Bomba la Mzima, linalotuletea maji ya chemchemi, lililazwa miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo, wengi wetu hatujazaliwa. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333, na bado tunalitegemea, pamoja na vyanzo vya maji vya Baricho kule Kilifi na Marere kule Kwale. Na chemchemi ya Mzima yenyewe hulishwa na mvua ya milima ya Chyulu, inayozama kwenye miamba ya volkano na kupita chini kwa chini hadi itokeze Tsavo. Msitu ukifyekwa Chyulu leo, wajukuu wetu ndio watakaofungua mifereji mikavu hapa Mombasa. Chyulu hakuna kura ya gavana wa Mombasa hata moja. Mimi namtaka kiongozi atakayeipigania milima ile hivyo hivyo.

Wa Kisauni:
Ndugu yangu, bomba hilo alililaza mkoloni, wala hakuwa akiomba kura ya mtu. Mimi nina mtoto wa miaka 3, wiki jana ameharisha kwa maji ya kisima. Ukinitajia miaka 50, usiku wa leo anywe nini? Halafu hao viongozi wenyewe wamelijua neno hili. Bomba la pili la Mzima tumeahidiwa mpaka masikio yamechoka. Mipango ya mbali ndiyo kichaka chao cha kujificha.

Wa Tudor:
Pole sana dada, Mungu amponye. Hilo la kichaka umenishinda, nalikubali. Basi tusipokee ahadi ya miaka 50 bila hesabu ya kila mwaka: mabomba yamelazwa mita ngapi, nyumba ngapi zimeunganishwa na mabomba ya maji taka.

Lakini kisima hicho kilichomuumiza mwanao ndicho hasa ninachokisemea. Sisi tumekalia mawe ya matumbawe, yana matundu, na uchafu wa shimo la choo hupenya hadi kisimani. Lori haliliondoi hilo. Linaondolewa na mabomba ya maji taka, nayo hufukiwa ardhini, hayana picha ya kubandika ukutani wakati wa kampeni.

Na Katiba ya 2010, ibara ya 201, inataka mizigo na manufaa ya mikopo ya umma yagawanywe kwa haki kati yetu na vizazi vijavyo. Mkopo ukinunua malori, yatakuwa vyuma chakavu na mwanao bado analipa. Ukilaza bomba, atalipa huku anakunywa. Kwa hivyo lori lije, hata usiku huu, kwa pesa za dharura. Lisije kwa deni la mtoto.

Wa Likoni na Changamwe mko kimya. Kwenu mfereji ulitoka lini mara ya mwisho, na mgombea gani amewahi kuwatajia maji taka?